Marko Chidawali na Kitanda cha Bisi

Marko Chidawali alikuwa fundi seremala hodari, na wa kwanza kukwambia hivyo alikuwa yeye mwenyewe. Ukipita kwenye karakana yake nyuma ya soko la Majengo, kabla hujamaliza kupiga hodi ameshakueleza kwamba Dodoma nzima ilipata kuwa na mafundi watatu tu wa maana, na wawili wamekufa. Kazi alijifunzia katika shirika moja la umma, akichonga meza za maofisa. Meza za mninga zile, meza moja inabebwa na watu sita na wa saba anatukana. Halafu ikaja miaka ya ruksa, ya soko huria. Shirika likaambiwa lijitegemee. Likajitegemea kama muda wa kunywa chai hivi, likafa. Wenzake wakarudi vijijini kulima mtama. Marko akaondoka na randa, msumeno na mdomo wake, akaja kufungua karakana mjini.

Tatizo likawa mbao. Mninga ulikuwa haushikiki, na mkongo ndiyo usiseme. Ila ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la Iddy, mtu wa Kondoa mwenye tumbo na roho safi, aliyekuwa akiuza friji na televisheni kutoka Dubai. Kila katoni ikifunguliwa, ndani mna ile plastiki nyeupe nyepesi ya kulinda vyombo visivunjike njiani, ambayo ukiikwaruza inalia kwii mpaka meno yanauma, na ukiivunja inamwaga punje kama bisi. Iddy aliitupa nje. Upepo wa Dodoma, ambao hauna adabu, ukaisambaza mtaa mzima. Mbuzi wa Majengo waliijaribu, wakaitema.

Marko aliitazama bisi ile siku kadhaa, kisha akajaribu jambo. Plaiwudi nyembamba peke yake ukiikanyaga inabonyea. Bisi peke yake ukiikanyaga inakatika. Lakini ukiibana bisi katikati ya plaiwudi mbili, ukaipaka gundi vizuri na kuigandamiza kwa mawe mpaka ikauke, unapata kitu kigumu kama ubao na chepesi kama ahadi ya mgombea. Akatengeneza mlango wa kwanza, akaubeba kwa mkono mmoja kuuzungusha sokoni, huku mkono wa pili akila muwa. Watu wakacheka, wakauita mlango wa bisi. Wenye nyumba za wageni hawakucheka. Bunge lilikuwa karibu kukutana, vyumba vinatakiwa vionekane vipya, na milango ya bisi ilikuwa rahisi. Wakanunua.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Marko alianza kuacha kuweka fremu za mbao ndani ya mlango, eti zinaongeza uzito bure. Baada ya muda malalamiko yakaja. Mlango umekatika. Umekatika wapi? Kwenye tundu la kitasa. Na wa jirani? Kwenye tundu la kitasa. Mzee mmoja mwenye gesti alikuja na mlango wake kichwani, akauweka chini, akamwonyesha jinsi ufa ulivyoanzia kwenye kona ya tundu ukakimbia ndani ya bisi, chini ya plaiwudi, bila hata kuonekana, mpaka siku mlango ulipobaki vipande viwili.

"Fundi," yule mzee akasema, "usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Ukuta kamwite mwashi," Marko akajibu. "Mimi ni seremala."

Ndivyo alivyokuwa. Kazi yake haikupata kuwa na kosa. Wateja ndio waliokuwa na mateke. Mlango unafungwa, alisema, haupigwi ngumi. Na kama mgeni wako amelewa, hilo ni suala la baa, si la useremala.

Nyumbani alikuwa na mkewe, Loisi, mwanamke wa Ihumwa, mwenye maneno machache na yote yana uzito. Loisi alikuwa na friji. Alilinunua mwenyewe, mtumba, kwa jasho la kuuza maandazi, na sasa aliuza barafu na juisi ya ukwaju kwa wanafunzi na makarani. Friji lile ndilo lililowalisha siku milango ilipokosa wanunuzi. Sasa siku moja Iddy, katika maongezi tu, akamwambia Marko kwamba hata friji limetengenezwa hivyo hivyo: bati nje, plastiki ndani, na katikati wamejaza povu gumu la manjano. Heri asingesema. Marko hakulala. Asubuhi Loisi alipokwenda sokoni kununua ukwaju, mumewe akachukua msumeno wa chuma akapasua mlango wa friji, kutoka juu mpaka katikati, ili aone wazungu wanajaza nini.

Loisi aliporudi alimkuta amepiga magoti, anafinya povu la manjano kwa vidole, anatabasamu.

"Hili lao ni la punje ndogo sana," Marko akamwambia kwa furaha. "Ndiyo maana halimwagiki."

Loisi aliweka kapu chini. Aliangalia friji lake, akaangalia barafu inayoyeyuka sakafuni, akamwangalia mumewe. Alikusanya nguo, akawashika watoto mkono, akaenda zake Ihumwa kwa mama yake.

Hapo sasa ndipo Marko alipoonja jeuri yake. Nyumba ilinyamaza. Alijipikia ugali ukamshinda, mkavu nje, mbichi ndani. Iddy alipouona alisema hata huo nao ni wa bisi. Mlango wa friji aliuziba kwa plaiwudi na gundi, likarudi kugandisha, lakini aliyekuwa akigandisha hakuwapo. Usiombe kumpenda mtu halafu ukagundua baada ya kupasua friji lake.

Akaenda Ihumwa. Alisimama mbali na nyumba, chini ya mti wa mnyaa, kama inavyompasa mkwe, mpaka shemeji yake Eliakimu alipotoka. Eliakimu alikuwa kaka mkubwa wa Loisi, mvivu wa kutupwa, lakini ndiye aliyekuwa mdomo wa nyumba.

"Mbukwenyi, shemeji," Marko akaanza kwa salamu ya Kigogo.

"Mbukwa. Umekuja kupasua nini?"

Baada ya kumcheka vya kutosha, Eliakimu aliingia ndani akarudi na jibu la Loisi. Mama alikuwa ameanguka kisimani wakati wa masika, na nyonga yake haikupona. Kitanda chake cha kamba kimelegea, kinambonyeza pale pale panapouma, usiku kucha analia. Cha mninga kilichokuwa cha marehemu baba kinafaa, ila ni kizito, na kila mara lazima kitolewe juani kwa sababu ya kunguni. Loisi ndiye ambaye angekiburuta peke yake. Siku mama yake atakapolala mpaka asubuhi bila kulia, ndiyo siku atakayoanza kufikiria habari za mume.

Marko aliruka kwa furaha. Kitanda kigumu, kisichobonyea, chepesi mwanamke mmoja anakitoa nje! Kama angeulizwa aombe swali la mtihani, angeomba hilo hilo.

Ila palikuwa na jambo, na wewe usiyeijua Ugogo lazima uambiwe. Kwa watu wa nyumba ile, mwanamume na mama mkwe wake waliheshimiana kwa kukwepana. Miaka yote ya ndoa Marko hakupata kumtazama Mama Eliakimu usoni. Wakikutana njiani mmoja aliingia porini. Chumba chake asingekikanyaga hata kingeshika moto. Sasa mtu wa namna hiyo amchongee mama mkwe kitanda? Kitanda! Wangesema amerogwa, na wangekuwa wamemwonea huruma. Kwa hiyo wakakubaliana na Eliakimu kwamba kitanda kitatoka kwa Eliakimu. Marko ametengeneza kitanda tu, kama anavyotengeneza vitanda; Eliakimu amekitaka, amemletea mama yake. Kijiji kizima kitajua na hakuna atakayesema.

Angekuwa mteja mwingine, Marko angemuuliza: mama, unalalia ubavu gani? Unainukaje? Unashika wapi? Lakini mama mkwe haulizwi anavyoinuka kitandani. Hata uzito wake aliutafuta kwa kuzunguka. "Shemeji," alimuuliza Eliakimu, "kwa mfano gunia la mtama..." Eliakimu akamkatiza kwamba akimfananisha mama yake na gunia tena, atarudi Dodoma bila meno.

Akakisia. Alichagua bisi safi, plaiwudi bora, gundi hakuibania. Fremu za mbao ubavuni? Aa, uzito wa nini! Miguu akaifunga miwili kichwani na miwili miguuni. Kisha, kwa kumfikiria Loisi wake, akakata tundu la kushikia katika kila ubavu, katikati, lipenye plaiwudi zote mbili na bisi yake, ili akinyanyue bila shida. Matundu ya mraba yale, kona zimekatwa kwa patasi kali, safi, kona za kujivunia. Kona zilizomwadhiri kwenye vitasa hakuzikumbuka; kwenye vitasa, si kulikuwa na mateke?

Akakipima mbele ya watu. Iddy alilala, wachinjaji wawili wakalala, Marko mwenyewe akajilaza juu yao. Kitanda kikatulia tuli. Sokoni wakashangilia.

"Na akiruka?" Iddy akauliza, akiwa amebanwa chini.

"Mama mkwe haruki," Marko akasema. "Ana nyonga."

Alikipeleka kwa baiskeli, amekifunga kwa mpira mgongoni. Upepo ulimdaka karibu na reli ukamzungusha, akaingia kwenye shamba la watu mara mbili, wenye shamba wakampigia makofi. Lakini kilifika kizima. Eliakimu akakipokea mbele ya majirani, akatoa hotuba ndefu kuhusu mwana anavyopaswa kumtunza mama yake, na Marko akiwa kando anaumwa na hotuba ile kama jino. Kikaingizwa ndani. Halafu Mama Eliakimu akasikika akimwambia Loisi kwamba aliyekichonga, yeyote awaye, Mungu amwone.

Usiku ule hakulia. Wala uliofuata. Majuma yakapita, na Loisi akarudi mjini na watoto na sufuria zake, akaukagua mlango wa friji, akasema "Mh," akaanza kuloweka ukwaju. Marko alilia kwa furaha nyuma ya karakana, akasingizia vumbi la randa.

Mdomo nao ukarudi. Sasa kila mteja aliyelalamikia kitasa alijibiwa: kawaulize Ihumwa! Habari zikamfikia Generosa, matroni wa bweni moja la wasichana, mwanamke wa Bukoba mwenye sauti ya kengele, aliyekuwa anatafuta vitanda vya bweni zima. Mzigo wa namna hiyo ungemtoa Marko kwenye ufukara kabisa. Generosa hakutaka hadithi, alitaka kukiona kitanda. Wakapanda pikapu ya bweni, Loisi wakamwacha na juisi zake, wakaenda.

Marko alisimama chini ya mnyaa wake, mgongo kwenye nyumba. Eliakimu hakuwapo, alikuwa kilabuni. Generosa akapiga hodi, akaingia.

Alikaa ndani muda kidogo. Kisha sauti yake ikatoka.

"Fundi! Kitanda chako kimeegemezwa juu ya kinu!"

"Kinu gani?"

"Kinu cha kutwangia! Na kimekatika hapa katikati, kwenye hili tundu. Plaiwudi imebanduka, bisi imejaa chini. Mama wa watu analala kwenye mkeka!"

Marko alirudi kinyumenyume mpaka karibu na ukuta, mgongo bado kwenye nyumba. Alifungua mdomo aseme habari za mateke. Hapakuwa na mateke. Palikuwa na mwanamke mzee ambaye kila alfajiri hukaa ukingoni, pale pale katikati, na kwa sababu nyonga haimpi nguvu, hushika lile tundu, akaweka uzito wake wote kwenye mkono, akajisukuma juu. Kila alfajiri, mahali pamoja, penye kona. Wachinjaji walilala kama maiti wakidhani wamekipima. Marko alikuwa amewaza habari zote za kulala, na ya kuamka hakuiwaza hata moja, kwa sababu aliona aibu kuiwaza.

Mama Eliakimu akaanza kusema na Generosa, kwa sauti iliyopandishwa makusudi ivuke ukuta. "Mwanangu, kama huko nje kuna fundi, nasema kama yupo, mwambie sikukikanyaga vibaya. Kilianza kulia krr, krr, nikadhani ni panya."

"Fundi, anasema..."

"Nimesikia. Mwambie shikamoo."

"Anasema shikamoo. Jamani, mmenifanya simu ya upepo!"

"Mwambie marahaba. Na habari hii Loisi asiijue. Akijua nimelala chini atafunga virago vyake, na hapa atakaa mpaka nife. Mume wake ana kelele, lakini hana mkono mbaya, na watoto wanasoma. Mimi nimenyamaza, na Eliakimu haingii huku. Huyo fundi naye anyamaze. Mkeka haunishindi."

Halafu, kwa kuwa mgeni hasindikizwi na mtu aliyekaa, Mama Eliakimu akainuka. Marko aliyasikia yote kupitia ukuta wa udongo. Aliusikia mkono ukipapasa ukuta. Aliusikia mguu ukikokotwa kwenye mkeka, pumzi ikikatika, yule mama akaanguka kitako, akaanza tena. Generosa alisema "Ngoja nikushike, mama," na yule mzee akakataa. Marko alikuwa karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono angegusa ukuta ule ule, na hakuruhusiwa hata kugeuza shingo. Alisimama pale akilia, na safari hii hapakuwa na randa ya kusingizia.

Ndani ya pikapu Generosa alimpa hukumu yake: kazi hakuna, wasichana wake wanaruka vitandani kuliko mbuzi. "Na hayo mengine ni ya nyumba yenu," akaongeza. "Mimi sikuona kitu." Toka Ihumwa mpaka Majengo Marko hakusema neno, jambo ambalo halikupata kutokea tangu abatizwe.

Angeweza kunyamaza. Aliombwa anyamaze, tena na mtu ambaye neno lake kwa mkwe ni amri. Angetengeneza kingine kwa siri, angempa Eliakimu, nani angejua? Lakini kutengeneza kunachukua siku, na siku zote hizo yule mama angeinuka vile. Na kingine angekipimaje, naye haijui nyonga ile inavyoinuka? Aliyeijua alikuwa mtu mmoja tu. Alikuwa jikoni, anachuja ukwaju, anaimba kidogo. Marko alisimama mlangoni akausikiliza wimbo ule, akijua anaweza asiusikie tena ndani ya nyumba hii.

"Loisi."

"Abee."

"Kitanda nimekikosea. Mama analala chini."

Wimbo ulikatika. Loisi aliweka chujio kando taratibu.

"Nani amekikalia vibaya?"

"Hakuna. Ni kosa langu. Nilikata tundu lenye kona na sikuweka mbao. Hata milango ile yote, ni mimi."

Loisi alikaa kwenye kigoda. Alimtazama kama mtu anayetazama nyumba yake baada ya mafuriko.

"Alikutuma uniambie?"

"Alinikataza."

"Na ulijua nikisikia nitaondoka."

"Nilijua."

"Sasa umesema kwa nini?"

"Nilimsikia akiinuka," akasema.

Loisi alifunika uso kwa kanga. Marko hakuthubutu kumsogelea. Kisha Loisi akajifuta, akasimama, akaanza kukunja nguo za watoto. Za watoto akazimaliza, akakunja zake. Marko akaenda kumshikia kapu, kwa kuwa hakujua mikono yake aiweke wapi.

Loisi akafungua sanduku la chini. Akatoa shati moja la mumewe, akalitazama kola, akalikunja juu ya nguo zake.

"Usisimame kama nguzo," akamwambia. "Chukua msumeno. Na mbao."